Kumlea njiti nyumbani kwa kangaruu: mwongozo kwa mama aliyetoka wodini Moshi

Mama akiruhusiwa kutoka wodi ya watoto wachanga, iwe KCMC, Mawenzi au hospitali za huko juu Kibosho na Machame, humwagiwa maelekezo yote kwa mkupuo mmoja, huku ndugu wanamsubiri getini na mwenye gari anapiga honi. Akifika nyumbani nusu yake yameshapotea. Usiku simu zinaanza. "Sista, akilala nimfungue?" "Sista, mama mkwe anasema mtoto anakosa hewa." "Nimuogeshe lini?" Kwa kuwa maswali ni yale yale, majibu nimeyaweka hapa kwa mpangilio utakaoyahitaji.

Mwongozo huu wa kangaruu, yaani kumfunga mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ni wa mama mwenye mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, ambaye daktari ameshamkagua na kumruhusu. Kama bado anapewa oksijeni, au bado uzito unashuka, mahali pake ni wodini. Usiombe kutoka mapema kwa sababu umechoka na kitanda cha hospitali.

Nadharia ni fupi. Njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, kwa hiyo joto linamtoka haraka kuliko anavyoweza kulitengeneza. Akipoa anatumia nguvu ambayo ingemuongezea uzito, anachoka, anashindwa kunyonya, anazidi kupoa. Kifua chako ndicho kinachozuia hayo. Njia hii ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipozidiwa na watoto kuliko mashine za joto, na ndiyo maana wengi wanaiona kama dawa ya kukosa mashine. Wamekosea. Utafiti mkubwa uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, ukachapishwa 2021, ulionyesha kuwa watoto wadogo waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa walikufa wachache kwa robo kuliko waliosubirishwa kwanza hadi watulie. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kangaruu ya saa 8 hadi 24 kwa siku. Ishirini na nne si kosa la uchapaji.

Kufunga kitambaa ni kazi ya dakika tano. Kinachowashinda akina mama ni nyumba yenyewe: wageni, vyombo, nguo za kufua na maneno. Ndiyo maana hatua ya kwanza hapa chini haimgusi mtoto kabisa.

Andaa haya kabla ya kufika nyumbani

- Vitenge viwili vya pamba visivyoteleza, kimoja mwilini na kingine kikifuliwa. Kanga iliyochakaa inalegea ovyo. Itumie kwa kufutia.
- Shati pana la vifungo mbele. Mashati makubwa ya kiume ya mtumba pale soko la Memorial yanafaa kuliko magauni mengi ya uzazi.
- Kofia mbili au tatu, soksi, na nepi za kutosha.
- Kipimajoto cha kwapani.
- Kikombe kidogo chenye mdomo laini, kama kile cha kupimia dawa, na chombo chenye mfuniko cha kuwekea maziwa uliyokamua.
- Mito mitatu au minne ya kuegemea.
- Daftari na kalamu.
- Kadi ya kliniki, karatasi ya ruhusa, dawa na matone uliyopewa, na namba ya simu ya wodi.
- Mtu wa pili. Huyu hana mbadala.

Usinunue chupa ya chuchu, poda, wala dawa ya chango. Hela hiyo nunua mayai, ule wewe.

Hatua kwa hatua

1. Panga watu. Kaa na mume, mama, wifi au yeyote atakayekuwepo, mgawane kazi kwa majina: nani anachota maji, nani anafua, nani anapika mtori, nani anakupokea mtoto ukienda kuoga. Atakayekupokea naye anamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, si kumpakata kwenye shali. Kifua cha baba kina joto lile lile. Wanaume wa kwetu huanza kwa aibu, ila nimeona wengi wakishamshika mara moja hawataki kumrudisha. Sharti ni moja: anayetoka kazini au shambani aoge kwanza, na anayevuta sigara abadili shati.

Wageni waje baadaye. Najua mila zetu, mzazi hutembelewa, na kumzuia mtu mlangoni ni kumvunjia heshima. Kwa hiyo kazi hiyo mpe mama mkwe, usiifanye wewe. Akisema yeye "mtoto bado mdogo, daktari amekataza," hakuna atakayenuna. Mwenye mafua au kikohozi asiingie chumbani hata awe nani, na watoto wa nyumbani wasimbusu.

2. Tengeneza chumba. Kisiwe na upepo unaopita moja kwa moja, na madirisha yafungwe wakati wa kumbadilisha nguo. Ukiwa Marangu, Uru au Kibosho kati ya Juni na Agosti, ukungu unashinda mchana kutwa na usiku ni baridi kweli. Ongeza blanketi juu yenu wote wawili, na mtoto avae kofia muda wote. Ukiwa mjini chini, Pasua au Njoro, Januari hadi Machi hali ni kinyume. Hapo punguza blanketi, vaa shati jepesi, lakini usimtoe kifuani.

Onyo: usiingize jiko la mkaa chumbani, hata kama makaa yameiva na hayatoi moshi. Yanatoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, na inaua mama na mtoto wakiwa wamelala. Chupa za maji ya moto ubavuni mwa mtoto nazo zinaunguza ngozi yake.

3. Jiandae wewe. Nenda chooni, kunywa maji au uji, nawa mikono kwa sabuni hadi viwiko, vua sidiria. Oga kila siku, lakini usijipake manukato kifuani.

4. Mfunge. Mara mbili za kwanza fanya ukiwa umekaa kitandani na mtu pembeni.

Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu. Mshike kwa mikono miwili, mmoja nyuma ya shingo na mgongo wa juu, mwingine chini ya matako, kisha mlaze wima katikati ya matiti, kifua chake kwenye kifua chako. Kichwa kigeuze upande mmoja na kidevu kiinuliwe kidogo, ili uso usizame kifuani na shingo isijikunje. Miguu ikunjwe na kupanuka kama ya chura, mikono nayo ikunjwe pembeni. Tumbo lake likae karibu na sehemu ya juu ya tumbo lako, ili kila unapopumua alisikie.

Sasa kitenge. Katikati ya kitambaa ipite mgongoni mwake. Ukingo wa juu ufike chini ya sikio lake, hapo hapo: ukishuka hadi mabegani kichwa kitaanguka nyuma, ukipanda juu ya sikio utamziba. Sehemu ya kubana ni ile inayopita kifuani mwake. Tumboni iache nafasi, maana mtoto mdogo anapumua kwa tumbo. Vuta ncha mbili nyuma yako, zipishane, zirudi mbele, kisha funga fundo chini ya miguu yake au ubavuni. Usifunge mgongoni ambako hutafikia ukiwa peke yako. Kisha vaa shati juu.

Jaribio: simama polepole huku mkono ukiwa chini yake. Kama hatelezi, na kidole chako kinapita kati ya kidevu chake na kifua chako, umefunga vizuri. Tazama uso wake. Midomo na ulimi viwe vya pinki. Mama mkwe akiuliza kuhusu hewa, mwonyeshe pua iliyo wazi na mwache aione mwenyewe. Maelezo marefu hayasaidii.

Ulijifungua kwa operesheni? Unaweza kufanya kangaruu, ila mtoto akae sehemu ya juu ya kifua, asikiguse kidonda, na mtu akusaidie kunyanyuka. Una mapacha? Wote wawili wanaenea kifuani, wakitazamana au wakipeana visogo, kwa kitambaa kipana zaidi. Unaishi na VVU? Kangaruu na kunyonyesha vinaendelea, mradi unameza dawa zako kila siku na mtoto anapewa zake.

5. Mlishe kwa saa, si kwa kilio. Hapa ndipo ninapowaona wengi wakikosea. Mtoto aliyetimiza miezi akilia hata jirani atamsikia. Njiti halii, analala tu, na nyumba nzima inamsifu kwa utulivu huku anaishiwa nguvu. Mwamshe kila baada ya saa mbili, au tatu kama wodini walikuambia hivyo, mchana na usiku. Mfute nyayo, mbadilishe nepi, mzungumzishe.

Mpe ziwa kwanza. Akinyonya kwa vipindi, anameza, anapumzika, anaendelea, mwache achukue muda wake. Akisinzia haraka au ukiambiwa amalizie kwa kikombe, kamua.

Kukamua: nawa, sugua ziwa taratibu kuelekea mbele, weka kidole gumba juu na vidole viwili chini, pembezoni mwa duara jeusi na si kwenye chuchu. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, kisha bana. Achia, rudia. Vidole visiteleze juu ya ngozi. Ukihisi unajichubua, unateleza. Ziwa moja dakika tatu hadi tano, hamia la pili, rudi tena, jumla kama dakika 20 hadi 30. Fanya angalau mara nane kwa saa 24. Ile ya usiku usiiruke, kwa sababu ndiyo inayoulinda wingi wa maziwa. Maziwa uliyokamua yakae kivulini, yamefunikwa, yasizidi saa nne. Kwenye joto la mjini nisingeyaacha hata hizo.

Kumnywesha: mkalishe nusu wima mapajani, mikono imefungwa kwenye kitambaa. Gusisha kikombe kwenye mdomo wa chini na ukiinamishe mpaka maziwa yaguse midomo tu. Atatoa ulimi na kuyalamba kama paka. Subiri. Usimmiminie kamwe, hata kama zamu yako ya kulala imefika na anakunywa polepole. Maziwa yaliyomiminwa yanaingia kwenye mapafu. Akimaliza mcheulishe, mrudishe kifuani.

Kiasi fuata ulichoandikiwa. Kwa kukuonyesha tu, mtoto wa kilo 1.8 aliyepita wiki ya kwanza kwa kawaida anahitaji karibu mililita 35 kila saa tatu, au 24 kila saa mbili. Usimpe maji, glukosi, uji mwepesi wala maziwa ya ng'ombe. Kama wodini walikupa matone ya vitamini au madini ya chuma, endelea nayo hadi waseme basi.

6. Lala naye. Usilale chali kabisa wala kifudifudi. Panga mito ukae mgongo umeinuka, kati ya kulala na kuketi, na mtoto abaki amefungwa vile vile. Kitandani asiwepo mtu aliyekunywa pombe, wala mtoto mwingine. Kochi usililalie, watu huteleza wakiwa usingizini.

7. Mchana endelea na maisha, kwa kiasi. Unaweza kutembea, kukaa barazani, kuchambua mchele, kuongea na simu. Huwezi kupika kwenye moto, kuinamia beseni la nguo, wala kupanda bodaboda. Kila ukimweka, akae si chini ya saa moja. Kumtoa na kumrudisha kila dakika ishirini kunamchosha na kumpoza. Ikilazimu kumtoa kwa muda mfupi, mfunike vizuri na kofia juu.

Kwa walioajiriwa: likizo ya uzazi kisheria si chini ya siku 84, na si chini ya 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba naye ana siku zake chache. Azitumie kuwa kifuani, si kupokea hongera za bar.

8. Usafi. Kuoga kila siku hakuhitajiki. Mfute uso, shingo, makwapa na sehemu za siri kwa kitambaa laini na maji ya uvuguvugu, sehemu moja moja, ukiwa umefunga dirisha. Beseni lisubiri mpaka kliniki waseme uzito unatosha, na hata hapo iwe haraka, akaushwe kabisa, arudi kifuani. Kitovu kiache kikavu na wazi, nepi ikunjwe chini yake. Usipake samli, majivu, mate wala dawa ya meno.

Wewe mwenyewe kula mtori wako, maziwa, supu, mboga. Kukandwa ni sawa kama ni maji ya vuguvugu na mkono mwepesi; maji yanayochemka tumboni yanaunguza, na ukiwa na mshono usikubali kabisa.

9. Pima na uandike. Asubuhi na jioni weka kipimajoto kwapani. Joto zuri ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Ukikosa kipimajoto, gusa tumbo na nyayo: vyote viwe na joto sawa. Nyayo baridi na tumbo la moto maana yake ameanza kupoa. Andika saa za kunyonya, nepi zilizolowa, na joto. Daftari hilo linamsaidia muuguzi kuliko "anaendelea vizuri tu."

Rudi kliniki tarehe uliyopangiwa. Kwa njiti, mizani ya kila wiki haina mjadala, apimwe bila nguo. Baada ya wiki ya kwanza tunatarajia aongeze angalau gramu 15 kwa kila kilo kwa siku. Kwa wa kilo 1.8 ni karibu gramu 190 kwa wiki. Ulizia chanjo alizobakiza. Kama alizaliwa chini ya kilo 1.5 au kabla ya wiki 32, uliza pia kuhusu kupimwa macho akifikisha wiki nne. Wengi hawaulizi, na ugonjwa wa macho wa njiti hausubiri.

Kangaruu inakoma mtoto mwenyewe akiikataa. Akikaribia kilo 2.5 ataanza kujinyoosha, kutoa mikono, kulia ukimfunga. Mwachie mchana kwanza, usiku baadaye, na siku za baridi mrudishe.

Mambo yakikwama

*Nyayo ni baridi ingawa yuko kifuani.* Mara nyingi nepi imelowa au kitambaa kimelegea. Badilisha, ongeza soksi na kofia kavu, funika wote wawili, pima tena baada ya saa moja. Bado chini ya 36.5? Hospitali.

*Ana joto zaidi ya 37.5.* Kama mlikuwa juani au chini ya mablanketi mawili, punguza na upime baada ya nusu saa. Lisiposhuka, usimpe panado. Mpeleke.

*Maziwa hayatoki.* Kamua ukiwa naye kifuani au mara baada ya kumtoa, kunywa, na ongeza idadi ya mara badala ya kukaza vidole. Siku za kwanza kabisa matone yanatosha. Yale ya njano ya mwanzo ni ya kumpa yote.

*Matiti yamejaa, yanauma.* Kitambaa cha uvuguvugu, kamua kidogo yalainike, kisha anyonye. Ukipata homa na wekundu upande mmoja, onana na mhudumu siku hiyo hiyo, huku ukiendelea kutoa maziwa.

*Uzito haujapanda.* Fungua daftari. Karibu kila mara utakuta saa za usiku zilizorukwa au mchana ambao mtoto alishinda kitandani.

*Nalia bila sababu.* Mwambie mtu, na mwambie muuguzi kliniki. Siku chache za machozi ni kawaida. Yakizidi wiki mbili, au ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, ni ugonjwa na una tiba. Usingoje wiki mbili ziishe kama mawazo hayo yameshakuja.

Usisubiri kukuche

Mtoto: amekataa kunyonya au haamki ukimwamsha, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kinabonyea chini ya mbavu, anasitisha pumzi au anageuka bluu, degedege, ni wa baridi na hapati joto, manjano yamefika viganjani na nyayoni, kitovu kina usaha au wekundu unaosambaa. Akisitisha pumzi, msugue mgongo na nyayo palepale.

Wewe: damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, homa, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu, kifua kubana, mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kifafa cha uzazi kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, kwa hiyo kichwa hicho usikimezee dawa ukalala.

Piga 115, ni bure. Ndiyo namba ya m-mama, usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Chukua kadi, karatasi ya ruhusa na daftari. Njiani mtoto abaki kifuani mwako, amefungwa vile vile, na kama anameza, mpe ziwa.